Kazi za kiraia katika mipango ya ulinzi wa anga na makombora ng'ambo: mwongozo kamili kwa Waswahili wenye uraia wa Marekani

Karibu na mji wa Kaiserslautern, kusini magharibi mwa Ujerumani, ipo kambi ya jeshi la Marekani inayoitwa Sembach Kaserne. Humo ndimo yalimo makao makuu ya Kamandi ya 10 ya Ulinzi wa Anga na Makombora. Wengi wanaopita getini asubuhi wamevaa sare, lakini si wote. Wapo waliovaa shati na suruali za kawaida, wenye kitambulisho cha mtumishi wa serikali, na siku yao hupita kwenye ramani, majedwali na rasimu za mipango: kipi kilindwe, kwa silaha ipi, kuanzia lini, na nani aarifiwe kwanza. Wanajeshi huhamishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Mtumishi wa kiraia hubaki, naye ndiye anayekumbuka kwa nini mpango wa mwaka juzi ulibadilishwa.

Mwongozo huu nauandika kwa Waswahili walioko Marekani, kuanzia Houston hadi Minneapolis, na hasa kwa vijana wetu walioingia jeshini, wakajifunza mitambo ya Patriot ya kudungulia ndege na makombora, kisha wakavua sare na kurudi kubeba boksi kana kwamba ujuzi ule hauna soko. Soko lipo. Kinachowakwamisha wengi ni makaratasi: udugu wa nyumbani, kiwanja, pesa za kutuma, na hofu kwamba ukivitaja hivyo mlango utafungwa. Ndiyo maana sehemu ya kibali cha usalama nimeirefusha kuliko zote. Ukiwa na muda wa kusoma sehemu moja tu, soma hiyo.

Kwanza, jua kama mlango huu ni wako

Nafasi za mipango zinahitaji kibali cha kuona siri za serikali, na kibali hicho hupewa raia wa Marekani. Uraia wa kuomba ni sawa na wa kuzaliwa. Hakuna miaka ya kungoja baada ya kula kiapo. Mwenye grini kadi hawezi kupata nafasi hizi, ila anaweza kujiunga na jeshi lenyewe, na utumishi wa jeshini una njia yake ya kuomba uraia bila kulipa ada ya maombi. Wengi wa watu wetu wamepitia huko.

Kuhusu uraia wa nchi mbili, kuwa nao hakukunyimi kibali. Kenya imeuruhusu tangu katiba ya 2010, Uganda tangu 2009, na Rwanda na Burundi nazo zinauruhusu. Tanzania na Kongo haziruhusu, kwa hiyo Mtanzania au Mkongo mtu mzima aliyechukua uraia wa Marekani kwa hiari yake amekwisha kuupoteza ule wa kwanza kisheria. Usijaze fomu ukidai uraia usio nao, wala usikane ulio nao.

Aliyeko Ujerumani kwa pasi ya Ujerumani au kibali cha kuishi, naye anaweza kufanya kazi kambini kama mwajiriwa wa wenyeji, chini ya mkataba wa ajira unaoitwa TVAL II. Kuna nafasi za ufundi, fedha, ulinzi wa majengo, ghala na jikoni. Meza ya mipango ya siri haimo. Mwenye uraia wa nchi nyingine ya NATO atazame ajira za NATO yenyewe: kamandi ya anga iko Ramstein, na shirika lake la mawasiliano na habari lina ofisi The Hague. Utaratibu wake ni tofauti na huu ninaoueleza.

Na jambo moja la kusema wazi: Kiswahili hakitakupa nafasi katika ulinzi wa makombora. Ukitaka lugha yako ikulipe, tazama kamandi ya Marekani inayoshughulika na Afrika, AFRICOM, yenye makao makuu Stuttgart. Hatua nyingi za hapa chini zitakufaa huko pia.

Elewa kazi yenyewe kabla hujaiomba

Mtu akisikia ulinzi wa makombora huwaza anayebonyeza kitufe. Afisa mipango habonyezi chochote. Kazi yake hasa ni kugawa kidogo kilichopo kwa wengi wanaokihitaji.

Tuseme ni zoezi, na mezani kuna betri tatu za Patriot. Betri moja ina askari takriban 90, rada, chumba cha kuongozea na mitambo ya kurushia. Rada inayotumika zaidi leo hutazama upande mmoja, haizungushi macho pande zote. Upande wa pili wa meza kuna orodha: bandari inayopokea vifaru, viwanja viwili vya ndege, ghala la mafuta, ghala la risasi, makao makuu, daraja, kituo cha umeme. Kila mwenye mali yake anasema yake ndiyo ya kwanza. Afisa mipango anaipima kila moja kwa maswali matatu: ikipotea tutaumia kiasi gani? Ni rahisi kiasi gani kuiharibu, na itachukua muda gani kuijenga tena? Je, adui anaitaka na ana silaha ya kuifikia? Majibu yanazaa orodha ya vitu muhimu, kisha, baada ya kamanda kuamua, orodha fupi zaidi ya vitakavyolindwa kweli. Zile zilizoachwa nje hazisahauliki. Hutafutiwa njia nyingine: kutawanya mafuta, kuficha, kujenga kuta za zege, kuandaa mafundi wa kukarabati.

Halafu kuna hesabu ya gharama. Kombora moja jipya la kudungulia la Patriot, aina ya PAC-3 MSE, hugharimu takriban dola milioni 4. Droni inayokuja inaweza kugharimu sehemu ndogo sana ya hiyo. Anayepanga lazima aamue mapema kipi kidunguliwe kwa Patriot na kipi kiachiwe mizinga, makombora madogo au mitambo ya kuvuruga mawimbi, kwa sababu akiba ikiisha siku ya pili, siku ya tatu haina ulinzi.

Makosa ya kazi hii yana majina na tarehe. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud la Iraq lilipiga bweni la wanajeshi wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua 28. Betri ya Patriot iliyokuwa ikilinda eneo hilo ilikuwa imewashwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Ndani ya programu yake, hesabu ya muda ilikuwa na kasoro ndogo iliyokua kadiri mtambo ulivyokaa bila kuzimwa; kufikia saa hiyo ilikuwa imepotea kwa theluthi moja ya sekunde, na rada ikawa inalitafuta kombora mahali ambapo halikuwapo. Waisraeli walikuwa wameshaigundua kasoro hiyo na kutoa taarifa wiki mbili nyuma. Vikosi vilionywa kwamba kuwasha mtambo kwa muda mrefu sana kuna madhara, lakini onyo halikusema muda mrefu sana ni saa ngapi. Programu iliyosahihishwa ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya vifo.

Soma tena sentensi ile ya onyo. Ni kazi ya mezani, kazi ya kuandika maelekezo, na ilikosa tarakimu moja. Miaka 12 baadaye, mwezi Machi 2003, Patriot ilidungua ndege ya Tornado ya Waingereza ikirudi Kuwait na kuua wote wawili waliokuwamo. Siku chache baadaye, tarehe 2 Aprili, ikadungua ndege ya jeshi la majini la Marekani na kumuua rubani. Njia za ndege rafiki, alama za utambulisho, nani anaruhusiwa kufyatua na kwa masharti gani: hayo yote ni ya wapangaji wa mipango. Anayeitaka kazi hii kwa ajili ya posho za Ujerumani tu, atafute nyingine.

Chagua njia ya kuingilia

Njia iliyonyooka zaidi hupitia sare. Waliohudumu kwenye fani za jeshi zinazoanza na namba 14, kama 14E wanaoendesha chumba cha kuongozea Patriot, au 14T wa mitambo ya kurushia, au maafisa wa 14A, wamesomea Fort Sill, Oklahoma, na wanajua betri inavyofanya kazi usiku wa mvua. Lakini kuijua betri si kujua mipango. Ukiwa bado na sare, omba kupelekwa ofisi ya operesheni ya kikosi au brigedi, hata kama utakosa ukubwa fulani. Mwaka mmoja wa kuandika amri na kuandaa mazoezi una thamani kuliko miaka mitatu zaidi ya kuhudumia mtambo uleule. Fort Bliss, Texas, iliko Kamandi ya 32 ya ulinzi wa anga, ni pazuri kwa hilo.

Njia ya pili ni makampuni yenye mikataba na jeshi. Yanaajiri haraka kuliko serikali, na baadhi huchukua mtu mwenye kibali bila shahada. Ubaya wake ni kwamba mkataba ukiisha, kazi imeisha. Na kwa Ujerumani kuna kizingiti cha pekee: mfanyakazi wa kampuni anayetaka kulindwa na mkataba wa hadhi ya majeshi, ule unaoweka haki za majeshi ya kigeni na watu wake nchini, lazima akubaliwe na Wajerumani, kwa mfano kama mtaalamu wa ufundi, hadhi inayoitwa TESA, na wanaangalia elimu na uzoefu wake kwa makini. Kabla hujasaini, uliza kampuni swali moja: nafasi hii imeshapata idhini ya TESA, au mnatumaini itapata?

Ya tatu ni ya wasomi: wahandisi wa elektroniki, wanahisabati wa utafiti wa operesheni, wataalamu wa kompyuta. Hawa huanzia Huntsville, Alabama, ambako Shirika la Ulinzi wa Makombora na kamandi ya jeshi ya anga za juu na makombora wana ofisi kubwa. Kila Agosti hufanyika huko kongamano la anga za juu na ulinzi wa makombora. Mwanafunzi wa uhandisi aliye karibu akijipa siku mbili za kuzunguka pale atajua nani anaajiri kuliko miezi ya kukaa mtandaoni.

Safisha makaratasi mapema

Hapa ndipo watu wetu wengi hukwama kwa jambo ambalo hawakuambiwa. Mwanamume aliyeishi Marekani wakati wowote kati ya umri wa miaka 18 na kabla ya kufikisha 26, akiwa raia, mwenye grini kadi, mkimbizi au hata asiye na makaratasi, alitakiwa kujiandikisha kwenye orodha ya Selective Service, yaani ya wanaoweza kuitwa jeshini. Waliokuwa na viza halali ya mwanafunzi muda wote huo hawahusiki. Aliyekuja kwa bahati nasibu ya viza akiwa na miaka 22 anahusika, na asipojiandikisha kwa kujua, sheria inamzuia kuajiriwa na serikali kuu. Angalia kama jina lako limo. Kama halimo na umeshapita umri, omba barua ya hali yako kutoka Selective Service na uandike maelezo ya kweli ya kwa nini hukujiandikisha, ukiambatisha ushahidi wa tarehe ulipoingia nchini. Fanya hivyo leo, kabla ya kuona tangazo lolote la kazi.

Shahada ya Dar es Salaam, Nairobi au Makerere inahesabika, lakini lazima ipitie kampuni ya kutathmini elimu ya nje inayotambulika. Aliyetoka jeshini aitafute DD-214 yake, yaani cheti cha kumaliza utumishi wa jeshi, na, kama ana ulemavu wa kazini, barua ya daraja la ulemavu. Na majina: kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha shule kinasema Mohammed na cheti cha uraia kina jina la babu ambalo hulitumii, andika orodha ya majina yote na miaka yaliyotumika. Fomu itayauliza.

Kibali cha usalama na watu wa nyumbani

Hutaomba kibali mwenyewe. Mwajiri akishakuchagua ndiye anayekufungulia fomu ya SF-86, nayo hujazwa mtandaoni. Lakini maswali yake yanajulikana na yeyote anaweza kuyasoma mapema. Nakushauri uanze kuyajibu kwenye daftari miezi mingi kabla, kwa sababu baadhi ya majibu yako yako Tanga au Bukavu, kichwani mwa mtu asiyepokea simu mchana.

Sehemu ya 11 inataka kila mahali ulipoishi kwa miaka 10, bila pengo. Kochi la binamu ulikolala miezi minne Columbus nalo ni makazi. Sehemu ya 18 inataka ndugu: wazazi, walezi, kaka na dada, watoto, wakwe. Watoto wa baba kwa mama mwingine wanahesabika, hata wale mliokutana mara moja msibani. Shangazi, mjomba na mama mdogo hawamo hapo, ila kama si raia wa Marekani na mnaongea mara kwa mara kwa ukaribu, mahali pao ni sehemu ya 19. Tarehe ya kuzaliwa ya mama mkwe isipojulikana, kuna kisanduku cha kuonyesha kwamba umekadiria. Kitumie. Usibuni tarehe kamili.

Sehemu ya 20 ndiyo inayowatisha wengi. Inauliza kama una mali isiyohamishika nje, akaunti au uwekezaji wa nje, na kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani. Kwa mtu wetu jibu la swali la mwisho ni ndiyo, na kila mtu atashangaa likiwa hapana. Mtu aliyekulia Morogoro, mama yake yuko hai, halafu aseme hajawahi kutuma hata senti? Mchunguzi ataona miamala ya kampuni za kutuma fedha na ataanza kujiuliza kingine unachoficha ni kipi.

Mfano wa maelezo yanayotosha: mama, mkazi wa Morogoro, dola 150 kila mwezi tangu 2016 kwa chakula na dawa, mdogo wangu, ada ya chuo, dola 900 kwa mwaka, 2019 hadi 2022, michango ya harusi na rambirambi, kati ya dola 50 na 200 kila inapotokea. Mstari mmoja kwa kila mtu, kiasi, muda, sababu. Pakua taarifa za miaka yote kutoka kampuni unazotumia kutuma na uzihifadhi. Kuanzia sasa acha kumpa fedha taslimu rafiki anayesafiri. Zile hazina kumbukumbu.

Kiwanja cha Kibaha au Kitengela kitaje, hata kama hati ina jina la kaka. Fedha zilitoka kwako, kwa hiyo maslahi ni yako. Andika thamani ya makadirio, mwaka wa kununua na nani anakisimamia. Akaunti za benki za nyumbani nazo zitajwe. Zikijumlishwa na kuzidi dola 10,000 wakati wowote katika mwaka, ulitakiwa kuziripoti kwa Hazina ya Marekani kwenye taarifa ya kila mwaka ya akaunti za nje. Kama hukufanya hivyo, nenda kwa mtaalamu wa kodi urekebishe kabla ya kujaza SF-86, si baada ya kuulizwa. Kikoba au chama unachochangia huku mweka hazina akiwa Mombasa ni cha kutajwa pia.

Waamuzi wa vibali wanafuata mwongozo wenye vipengele 13, ulioanza kutumika 2017. Kimoja ni ushawishi wa kigeni, nacho kinapima mambo kwa akili ya kawaida: ndugu yako anafanya nini, anaishi chini ya serikali ya namna gani, je, anaweza kutumiwa kukubana, na je, maisha yako, watoto wako na mali yako kubwa viko Marekani? Mama muuza vitenge sokoni ni jambo moja. Kaka aliye kanali wa idara ya usalama ni jingine, na hilo linahitaji maelezo marefu zaidi, ingawa nalo si kukataliwa moja kwa moja. Kenya ilitangazwa rasmi kuwa mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO mwezi Juni 2024. Hilo halimpi Mkenya kibali, kila mtu anapimwa kwa habari zake.

Kwa jinsi ninavyoona, deni linastahili kuogopwa zaidi kuliko ndugu. Mtu mwenye ndugu 14 nje na rekodi safi ya kulipa anaeleweka. Mwenye kadi nne za mkopo zilizopelekwa kwa wakusanya madeni, mkopo wa gari aliomdhamini rafiki, na kodi ambayo hakuijaza miaka miwili, huyo anaonekana mtu anayeweza kununuliwa. Chukua ripoti yako ya mikopo, panga makubaliano ya malipo na uyafuate. Deni linalolipwa kila mwezi kwa mpango, lenye ushahidi, linakubalika.

Bangi nayo: Minnesota na Washington zimeiruhusu, Ujerumani imeilegeza tangu Aprili 2024, lakini serikali kuu ya Marekani bado inaikataza, na wewe unaomba kazi kwake.

Fomu ikishapelekwa, mchunguzi anaweza kuja kukuhoji na kupiga simu kwa majirani na mabosi wa zamani. Waambie mapema, wasidhani ni polisi wa uhamiaji. Nimeona wazee wetu wakikana kumfahamu mtu waliyemlea, kwa nia ya kumlinda. Kaa na wazee, waeleze ni nani atakayepiga na kwa nini.

Kuomba kazi yenyewe

Matangazo hutoka USAJOBS, tovuti ya ajira za serikali kuu. Fungua akaunti, weka arifa kwa maneno ya Kiingereza yanayotumika kwenye fani hii, na chuja kwa nchi: Ujerumani, Korea Kusini, Japani. Usitafute kwa cheo peke yake, maana afisa mipango anaweza kutangazwa chini ya fani ya 0301, ambayo ni kapu la utawala na programu. Nafasi nyingi za mipango ziko GS-12 na GS-13, kwenye ngazi za mishahara ya serikali kuu. Mwaka 2025 Wizara ya Ulinzi ilisimamisha ajira nyingi za kiraia, kisha ikaanza kutoa ruhusa kwa nafasi maalumu, kwa hiyo soma kila tangazo kama lilivyo na usikate tamaa likifutwa, hutokea.

Angalia kipengele cha nani anaweza kuomba. Tangazo la umma kwa ujumla ni nadra kwa nafasi za ng'ambo. Mara nyingi ni la watumishi waliopo, wanajeshi wastaafu wenye sifa, na wake au waume wa wanajeshi. Njia ya VRA ya wastaafu wa jeshi inaishia GS-11, kwa hiyo kwa GS-12 utatumia njia nyingine ya wastaafu, VEOA. Kwa wengi, mkakati wenye akili ni kuingia serikalini kwanza nafasi yoyote ya karibu ndani ya Marekani, Fort Sill au Fort Bliss au Huntsville, hata GS-9, kukaa mwaka kwa kila ngazi, ndipo uombe ng'ambo ukiwa mtu wa ndani.

Tangu mwishoni mwa 2025 wasifu wa kazi unaotumwa USAJOBS usizidi kurasa mbili. Zamani watu walituma kurasa saba. Kila kazi iwe na mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza, na saa kwa wiki. Halafu chukua aya ya tangazo inayoeleza uzoefu maalumu unaotakiwa, na hakikisha kila kitu inachodai kina jibu kwenye karatasi yako. Kusema ulishiriki shughuli za Patriot hakusaidii. Sema uliandika kiambatisho cha ulinzi wa anga kwa zoezi la vikosi vya nchi ngapi, uliratibu betri ngapi, ulimshauri kamanda wa cheo gani, na nini kilibadilika kwa sababu yako. Usitaje mahali, masafa ya rada wala idadi ambazo hazijatangazwa hadharani. Anayesoma ni mtu wa fani, na ukivujisha siri kwenye wasifu umejikataa mwenyewe.

Usaili huwa na maswali yaleyale kwa wote na wasaili huandika alama. Andaa visa vitatu vya kweli: mpango ulioharibika na ulivyourekebisha, mkubwa uliyempinga kwa heshima, na mara uliyofanya kazi na jeshi la nchi nyingine. Hicho cha tatu wewe una faida kubwa. Mtu aliyezoea kuhama kati ya lugha tatu kwa siku anajua kwamba kuitikia kwa kichwa si kukubali, na kwenye mazoezi ya NATO, chumba chenye Wapoland, Wajerumani na Wamarekani, ujuzi huo unaonekana haraka.

Ofa, posho na mitego yake

Kuna ofa ya awali na ofa rasmi. Usiache kazi, usiuze gari wala usivunje mkataba wa nyumba kwa ofa ya awali. Kibali, vipimo na pasi vinaweza kuchukua miezi.

Ng'ambo hakuna nyongeza ya mshahara ya eneo kama ya Washington au Dallas. Badala yake kuna posho ya nyumba, LQA, inayolipa kodi ya pango, umeme, maji na joto hadi kiwango cha daraja lako, na haikatwi kodi ya mapato. Pia ipo posho ya makazi ya muda, hadi siku 90 za mwanzo wakati ukitafuta nyumba, na posho ya gharama za maisha mahali inapotumika. Mizigo yako hadi pauni 18,000 husafirishwa, pamoja na gari moja. Lakini LQA haiji yenyewe. Lazima tangazo na ofa viseme inatolewa, na kwa kawaida lazima uwe umeajiriwa ukiwa unaishi Marekani. Watu wamehamia Ujerumani kwanza, wakaishi kwa ndugu, wakaomba kazi wakiwa huko, wakaipata, na wakakuta hawana haki ya posho ya nyumba. Pata jibu la LQA kwa maandishi kabla ya kukubali.

Watoto husoma bure kwenye shule za Wizara ya Ulinzi. Mwenzi ambaye bado ana pasi ya Tanzania au Burundi anaweza kuja nawe kama tegemezi, ila anza makaratasi yake mapema. Na kama bado anasubiri uraia, kaa na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya safari, kwa kuwa kukaa nje kunaweza kugusa maombi yake.

Ukishafika

Pata leseni ya udereva ya jeshi la Marekani Ulaya. Mtihani wa alama za barabarani wa Ujerumani unaangusha wengi, usome kwenye ndege. Tunza kila risiti ya nyumba.

Na jambo la safari. Mwenye kibali huripoti safari binafsi za nje kabla ya kuondoka. Harusi ya Lamu mwezi Desemba iripoti ukishajua tarehe, ueleze utakaa kwa nani. Msiba haungoji: simu ikija usiku kwamba mzee amefariki, mpigie msimamizi wako kabla ya kupanda ndege, kisha toa ripoti kamili ndani ya siku tano za kazi baada ya kurudi. Hifadhi namba yake kwenye simu tangu wiki ya kwanza. Ingia na utoke Marekani kwa pasi ya Marekani, hata kama una ya Kenya mfukoni. Ndoa mpya, mpangaji wa kigeni nyumbani kwako, urithi wa shamba, vyote huripotiwa.

Mkataba wa kwanza Ujerumani kwa kawaida ni miezi 36, na Wizara ya Ulinzi huweka ukomo wa miaka mitano ng'ambo kwa watumishi wake wengi, nyongeza ikitolewa kwa idhini. Aliyetoka nafasi ya kudumu Marekani anaweza kuwa na haki ya kurejea kwenye nafasi yake. Hakikisha haki hiyo imeandikwa kwenye makaratasi ya kuondokea. Asiye nayo aanze kuomba kazi za Huntsville, Fort Bliss au Colorado Springs mwaka mzima kabla ya tarehe yake, akiwa bado na kibali kinachofanya kazi.